Kazi ya mbao ya kutoa mnadani: namna ya kuichagua isiende kwa bei ya kutupa

Mara ya kwanza kutoa kazi yangu kwenye mnada wa mavuno wa usharika wetu, huku Uchagani, nilipeleka kabati la vyombo. Mninga mtupu, milango miwili ya vioo, droo tatu zilizokuwa zikiteleza kama zimepakwa mafuta. Nililijenga kwa wiki tano, usiku, baada ya kumaliza kazi za wateja. Jumapili ile tulilishusha watu wanne, tukalisimamisha kwenye nyasi mbele ya kanisa, kati ya mikungu ya ndizi na majogoo waliofungwa miguu.

Kila mtu alilisifia. Akina mama walifungua milango wakaifunga, wakapitisha viganja juu ya ubao. Kisha dalali akalifikia na umati ukanyamaza. Wengi walikuwa wamekuja kwa miguu au kwa bodaboda. Mwenye pikapu alikuwa mmoja tu. Akataja bei isiyorudisha hata hela ya mbao, hakuna aliyemjibu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, limekwenda. Kabla ya hapo jogoo mmoja alinunuliwa, akarudishwa mnadani, akanunuliwa tena, akarudishwa tena, na jumla aliyoiingiza iliipita bei ya kabati langu. Fedha za siku ile zilikuwa za kuezeka darasa la watoto wa shule ya Jumapili. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, na uchungu wenyewe ulikuwa wa yale mabati.

Tangu hapo nimetoa kazi kwenye minada mingi, ya kanisa, ya shule, na harambee za msiba na matibabu. Ninachotaka kumwambia fundi mwenzangu ni kwamba mnada hauendi kwa uzuri wa kazi peke yake. Unaenda kwa watu wawili kukitaka kitu kimoja kwa wakati mmoja, wote wakiwa na hela mfukoni na namna ya kukibeba. Ukipata mtu mmoja anayekipenda sana, umeuza kwa bei yake ya kwanza. Kwa hiyo kuchagua cha kutengeneza ni kuwatafuta hao wawili kabla hujagusa randa.

Kwanza, nenda mnadani mikono mitupu

Kama usharika, shule au kikundi hicho kimewahi kufanya mnada, nenda ukakae kwenye mmoja kabla ya kutoa chochote. Kama hujawahi na hakuna muda, mtafute mzee wa kanisa, katibu wa kamati, au yule mama ambaye kila mwaka ndiye anayepokea vitu na kuviandika kwenye daftari. Huyo mama anajua kuliko mtu yeyote. Muulize:

Mwaka jana kitu gani kiligombewa? Kitu gani kilikosa mtu? Nani hununua, wakulima wa hapahapa au wageni waalikwa kutoka mjini? Kitauzwa saa ngapi ya ratiba? Na fedha zinakwenda wapi?

Swali la saa lina uzito. Kinachouzwa mwanzoni kinakuta watu wamechangamka na pochi zimejaa. Baada ya saa mbili za jua, wenye watoto wadogo wameshaondoka. Kitu kikubwa kikiwekwa mwisho "kwa heshima," mara nyingi kinauziwa viti vitupu.

Na hilo la fedha zinakwenda wapi linaweza kukuchagulia kazi yenyewe. Mnada wa kununua madawati, peleka kitu cha mtoto kusomea. Mnada wa jiko la shule, peleka vitu vya jikoni. Mtu hupandisha dau kirahisi zaidi kitu kinapofanana na shida inayozungumzwa pale.

Halafu kuna jambo la minada yetu ambalo fundi hana budi kulielewa. Kwenye minada mingi ya makanisa huku kwetu, anayenunua mara nyingi hanunui cha kwake. Ananunua, anasema "mpeni mchungaji," au "mpeni bibi yule pale mwenye kitenge cha bluu," au anakirudisha kwa dalali kiuzwe upya. Kitu kizuri cha mnada ni kile kinachoweza kupita mikono mitatu mbele ya watu wote na kila anayekipokea akafurahi. Kabati halipiti mikono mitatu. Kigoda kinapita. Mwiko mzuri unapita. Nimeona kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu kikizunguka mpaka kwaya nzima inacheka, na kila mzunguko ni hela mpya kwenye sanduku.

Pili, kipimo cha bodaboda

Kabla hujachora chochote, fikiria mtu amekaa nyuma ya pikipiki na kitu chako mapajani, barabara ya vumbi, kilomita sita. Kinafika? Kama hakifiki, una njia mbili tu. Punguza, au toa na usafiri.

Njia ya pili wengi huisahau. Kama moyo wako uko kwenye kitanda au meza ya chakula, usikipeleke kitu chenyewe. Peleka kipande cha mfano, tuseme mguu mmoja uliomalizwa vizuri pamoja na picha, na kadi inayosema: mshindi atapimiwa nyumbani kwake, atachagua kimo, na kazi italetwa hadi mlangoni ndani ya wiki sita. Hapo unauza ahadi, na hata aliyekuja kwa miguu anaweza kuigombea. Ila iandike kwa tarehe na uitimize. Ahadi ya mnadani ikichelewa, anayeaibika ni kamati iliyokuamini.

Tatu, chagua kitu

Hapa ndipo nitakaa zaidi, maana ndipo mafundi wengi tunapokosea. Tunachagua kitu cha kuonyesha ufundi wetu, na pale uwanjani hakuna mwamuzi wa ufundi. Kuna watu wenye majiko, mashamba, watoto na wageni.

Mnada wa kijijini wenye wakulima: mpini wa jembe usiudharau. Mipini mitano ya mti mgumu, mikavu, iliyosuguliwa mpaka haina kibanzi, imefungwa pamoja kwa kamba ya katani, itakwenda siku yoyote. Haitaleta hela nyingi lakini haitakosa mtu. Inampa mzee mwenye noti moja nafasi ya kutia dau mbele ya watu, na hiyo nayo ni sehemu ya mnada.

Kwenye mnada huohuo kitu kinachopanda sana, kwa niliyoyaona, ni mzinga wa nyuki. Mtu anajua utamlipa. Ukitengeneza mzinga wa vijiti vya juu, ule ambao kila sega hujengwa likining'inia kwenye kijiti chake, jambo moja usilibahatishe, nalo ni upana wa kila kijiti: milimita 32, au 33 mwisho. Huo ndio upana wa sega la nyuki wetu pamoja na njia yao ya kupita. Ukizidisha wanaanza kujenga kwa kukatiza vijiti, na mwenye mzinga atashindwa kutoa sega moja bila kuvunja mengine matatu. Ndani usipake chochote. Nje pia usitumie mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu, maana dawa inayoua mchwa haiwezi kuwa rafiki wa nyuki.

Mnada wa kina mama au wa mjini wenye wageni waalikwa: vibao vya kukatia, trei ya chai yenye mishikio, kibao cha kusukumia chapati na mti wake, fremu ya picha, sanduku dogo la kuwekea barua na vyeti vya familia. Hilo sanduku la vyeti lilinishangaza. Nilidhani ni kitu cha kawaida mno, kumbe kila nyumba ina hati ya shamba, vyeti vya ubatizo na vya shule vilivyorundikwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro. Lipime litoshe karatasi ya A4 bila kukunjwa, yaani ndani liwe na sentimita 32 kwa 23 angalau, na uliwekee kufuli.

Pwani, kwenye harambee ya madrasa au ya msikiti, vitu vinabadilika kabisa. Marufaa ya kuwekea Msahafu, yale ya kukunjwa, yanayotoka kwenye ubao mmoja bila bawaba, ni kazi ndogo kwa mbao na kubwa kwa heshima. Ubao wa sentimita 60 kwa 20, unene wa sentimita mbili na nusu, unachongwa meno ya kufumana katikati, kisha unapasuliwa kwa ndani kutoka kila upande mpaka kwenye meno, na unafunguka kama kitabu. Kama hujawahi kuyatengeneza, jaribu kwanza kwenye ubao wa msonobari, maana meno yakivunjika hakuna gundi ya kuyaokoa. Nakshi iwe ya maua na mistari. Aya usiichonge kama huna mwalimu wa kukuhakikishia kila herufi na kila irabu.

Kibao cha mbuzi nacho kinagombewa na mabinti na mama zao sawasawa. Chuma cha meno umpe fundi vyuma, wewe shughulika na kiti. Ukimaliza usikipeleke kabla hujakikalia na kukunia nazi nzima, kifuu hadi kifuu. Utaona mwenyewe kama kinaruka mbele unapobana, au kama chuma kiko juu mno na nazi iliyokunwa inamwagika nje ya bakuli. Kazi ya kiti ni kubaki pale kilipo mtu anapoinama.

Na kuna bao. Mashimo 32 kwa safu nne za nane, kete 64. Ni kazi ya kujipima, siyo ya haraka, na ubao wake ni mzito, unene wa sentimita tano na urefu usiopungua sentimita 70 ili viganja vya wachezaji viingie vizuri kwenye mashimo. Nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, ichongwe mraba, maana mchezaji hutazama hapo kwanza. Komwe, ndizo kete zenyewe, zikaguliwe moja moja ziwe za ukubwa mmoja. Bao halifai kila mnada. Lakini penye wazee wawili wanaolicheza na wanaojuana, hapo watu wako wawili umeshawapata.

Kama bado husomi vizuri umati, nakushauri uanze na kigoda.

Kigoda, kwa karibu

Kigoda cha miguu mitatu hakichezi juu ya ardhi isiyo sawa, na jikoni kwenye sakafu ya udongo hilo ndilo analolijali mtu. Uso wa duara, kipenyo sentimita 30, unene sentimita nne baada ya kupiga randa. Miguu sentimita 28. Chora duara la ndani lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, ligawe mara tatu sawasawa, toboa matundu ya milimita 25 hapo, kila moja likiinamia nje kiasi cha nyuzi 15. Kwa mwinamo huo nyayo za miguu zinatua nje kidogo ya ukingo wa uso, na mtu hapinduki kirahisi akijinyosha kufikia sufuria. Ukiisimamisha wima, utakuwa umemtengenezea mtu ajali.

Ndimi za miguu, yaani zile ncha zinazoingia kwenye matundu, ziwe kavu kuliko uso. Mimi huiweka miguu juu ya dari ya jiko kwa wiki kadhaa, uso ukabaki karakanani. Ukishaviunga, ulimi unavuta unyevu kidogo na kuvimba, uso unazidi kukauka na kubana, na viwili hivyo vinashikana wakati gundi imeshasahaulika. Pasua ncha ya ulimi kwa msumeno, ingiza, kisha gonga kabari ya mti mgumu kwa juu. Angalia uelekeo: mstari wa kabari ukatize nyuzi za uso. Ukiufuatisha na nyuzi, utasikia mlio mdogo "ka!" na uso wako umepasuka mbele ya macho yako.

Kata vichwa vilivyojitokeza, piga msasa, kisha kalia. Halafu mwite mtu mnene kuliko wote mtaani, kwa adabu, mwombe akalie na kujizungusha. Kikitoa sauti, rudi nacho benchini.

Mtu mmoja anaweza kumaliza vigoda viwili kwa wikendi mbili. Toa vitatu vya miti tofauti, kimoja chekundu cha mninga, kimoja cha mtiki, kimoja cha mfenesi chenye umanjano wake, na mwombe dalali aviuze kimoja kimoja. Aliyeshindwa kwenye cha kwanza bado yuko pale, damu inachemka, na cha pili kinakuja.

Nne, mbao

Sadaka haitengenezwi kwa mabaki. Nalisema hili kwa sababu nimewaona mafundi wazuri wakipeleka vitu vilivyounganishwa kwa vipande vilivyobaki kwenye kazi ya mteja, rangi tatu, mafundo matano, na doa limefichwa kwa vanishi nyeusi. Watu wanaona. Kipande kidogo kilichobaki ni halali ukikitengenezea kitu kidogo: mninga uliobaki wa sentimita 40 ni kibao kizuri cha kukatia. Shida ni kulazimisha vipande viwe kitu ambacho havitoshi.

Ukavu ndio kila kitu. Mwaka wa pili, baada ya lile kabati, nilijitahidi kwa meza ndogo ya mgrivea. Mti nilipasuliwa mwezi uleule. Siku mbili kabla ya mnada uso ulifunguka ufa wa kuingiza kidole, na nilikwenda mnadani na maneno ya kuomba radhi. Kwa mti mgumu, kanuni ya zamani ni mwaka mmoja wa kukauka kivulini kwa kila inchi ya unene. Kama huna kipima unyevu, chukua kipande, kipime kwenye mizani ya jikoni leo, kipime tena kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, kimefika. Kama hakijafika na mnada ni mwezi ujao, badilisha mradi, usibadilishe kanuni.

Kwa vitu vya chakula, mwiko, kibao, trei, usiguse mbao za paa zilizotiwa dawa. Zinajulikana kwa ule ukijani, lakini ukipiga randa ukijani unaondoka na dawa inabaki ndani. Mvule ni mti mzuri wa samani ila vumbi lake linawasha watu wengi kifuani na kwenye ngozi, kwa hiyo siuweki karibu na chakula. Mtiki unafaa, nao unatoka kwenye mashamba ya kupandwa, kama yale ya Muheza na bonde la Kilombero, hivyo humuibii mtu msitu. Ukinunua mninga au mkongo, miti inayotoka msitu wa asili, dai risiti na uone hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Haipendezi kumchangia mjane kwa mbao za magendo.

Msonobari usidharauliwe pia. Ni mwepesi, unapatikana, na kwa rafu ya vitabu vya mtoto au mzinga wa nyuki unatosha kabisa.

Tano, hesabu ya muda na mfuko wako

Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mnada. Vanishi ya mwisho ikauke wiki nzima kabla, na wakati wa masika siku kumi. Toa siku mbili za kurekebisha. Kinachobaki ndicho muda wako, na kigawe kwa mbili kwa sababu wateja hawatasimama.

Kuhusu gharama, andika kwenye karatasi: mbao, gundi, msasa, vanishi, usafiri. Mimi huwa natoa kitu ambacho, hata kikienda kwa bei mbaya, siwezi kukinung'unikia nyumbani. Kama mbao zinazidi uwezo wako, mwombe muuza mbao achangie ubao na jina lake litajwe pamoja na lako, au mshirikiane mafundi watatu, mmoja mbao, mmoja kuunga, mmoja kumalizia. Kama kipimo cha mkono wako ni siku moja tu, toa siku hiyo: kadi ya kurekebisha milango na madirisha nyumbani kwa mshindi. Kila nyumba ina mlango unaokwama.

Sita, kumalizia

Mnunuzi wa mnadani hajui viungo, anajua kiganja. Msasa namba 80, 120, 180, kisha pangusa uso kwa kitambaa kilicholowa kidogo, acha ukauke, utaona vinyweleo vimesimama. Ndipo upige 220. Hatua hiyo ya maji inarukwa na wengi, na ndiyo inayofanya kibao kisikwaruze baada ya kuoshwa mara ya kwanza.

Vyombo vya chakula visipakwe vanishi. Tumia mafuta ya parafini ya maji, yale ya duka la dawa yanayonyweka, yayeyushie nta ya nyuki kidogo ndani, paka, acha usiku kucha, futa. Chombo cha moto kiwe ndani ya sufuria ya maji, kisiguse moto moja kwa moja. Ukitumia mafuta ya kitani kwa vitu vingine, vitambaa ulivyofutia vianike vikiwa vimetandazwa nje. Vikirundikwa kwenye pembe vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe.

Jina lako liweke chini ya kitu, dogo, kwa chuma cha moto. Acha nafasi nyingine hapohapo, na utangaze kwamba mshindi ataandikiwa jina la yeyote anayemtaka, bure. Hilo la jina limewahi kunipandishia dau la kigoda maradufu, kwa sababu mababa wawili walitaka jina la binti aliyekuwa akiolewa mwezi uleule.

Saba, msaidie dalali

Dalali wa kanisa ni mwalimu au mzee mwenye sauti. Hajui mtiki wala kabari. Ukimwachia kitu bila maneno atasema "stuli nzuri hii, nani ana elfu kumi?" na ameshaifungia bei chini. Mpe kadi yenye sentensi tatu fupi za kusemwa kwa sauti. Mfano:

"Kigoda cha mtiki, mti umekaushwa miaka miwili. Hakina msumari hata mmoja, miguu imekazwa kwa kabari. Mama akikalia leo, mjukuu atakikalia."

Kama una hofu ya maneno makubwa, andika ulichokipima tu. Nyuma ya kadi andika namna ya kukitunza: kisiloweshwe, kisianikwe juani, kibao kipakwe mafuta kila baada ya miezi miwili. Kadi iende na mnunuzi.

Kubaliana na kamati bei ya kuanzia, na iwe ndogo kuliko unavyotamani. Bei ikianza juu watu wanatazamana. Ikianza chini mikono mingi inapanda mapema, na aliyeshainua mkono mara moja ana aibu ya kuushusha. Kwa kitu kikubwa pekee ndipo mseme wazi kwamba chini ya kiasi fulani kitarudi hadi mnada ujao.

Kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani, wanaochangisha kwenye kumbi za jioni, mara nyingi mnada ni wa karatasi: vitu vimepangwa mezani na kila mtu anaandika dau lake kimya. Hapo hakuna dalali wa kukusemea, kwa hiyo kadi ndiyo dalali. Andika umetengenezaje na kwa nini umechagua kitu hicho. Na kitu kitoshe kwenye begi la mkononi.

Siku yenyewe, na kesho yake

Fika mapema. Kiweke kigoda mahali watu wanapopita, kisha muache bibi mmoja akikalie wakati anasubiri. Usikizungushie kamba. Trei iwekee vikombe na birika. Bao liwe na kete zake na vijana wawili wanaolicheza tangu asubuhi, utaona wazee wanavyosogea.

Kikishauzwa, andika kwenye daftari lako kitu, mti, saa kilipouzwa na bei. Kisha mtafute yule wa pili, aliyebaki na dau lake mkononi kikaenda kwa mwingine. Mwamkie, mwulize alikuwa anakitakia nini na angekipenda kiwe cha namna gani. Mwaka juzi mama mmoja aliyekosa sanduku la vyeti aliniambia alitaka lenye nafasi ya kuingia rejista ya kikundi chao cha kuweka na kukopa. Mwaka uliofuata nililipanua sentimita nne, nikampigia simu wiki moja kabla. Alikuja na mweka hazina wa kikundi jirani.